Ombi la leseni ya kinu cha nyuklia: fedha zinachunguzwa kwa kina gani?

Mshika_Daftari

Wakuu, habari za kazi. Nina ombi la leseni ya pamoja (kujenga na kuendesha) kwa vinu viwili nchini Marekani, na natakiwa kuwaandikia wakopeshaji muhtasari wa mapitio ya NRC, ile tume inayodhibiti nyuklia kule. Upande wa usalama ni maelfu ya kurasa. Upande wa fedha ni kurasa chache, tena tarakimu nyingi zimezibwa kwa wino mweusi kama siri ya biashara.

Maswali matatu. NRC ikitoa leseni, ina maana imeridhika kwamba mradi utalipa? Nikiwa na wiki moja tu na ripoti ya usalama, nianzie sura zipi kama ninachotafuta ni hatari itakayogeuka gharama? Na mfuko wa kuvunja kituo kikistaafu unakokotolewaje? Naona dola milioni 105 imetajwa, na kwa mradi wa mabilioni inaonekana ndogo mno.

---

Kifungu_50

Mkuu, jibu la swali la kwanza ni hapana, na wakopeshaji wako waambie hivyo ukurasa wa kwanza kabisa.

Kifungu 50.33(f) cha kanuni za NRC kinauliza jambo jembamba: je, kuna uhakika wa kuridhisha kwamba mwombaji anazo, au atazipata, fedha za kumaliza ujenzi pamoja na gharama za fueli zinazohusiana nao? Basi. Msingi wake ni usalama: mjenzi aliyeishiwa hupunguza wakaguzi wa ubora kabla ya kupunguza kitu kingine chochote. Mahitaji ya umeme na njia mbadala hujadiliwa kwenye tathmini ya mazingira, lakini hakuna mahali tume inapotoa hukumu kwamba mwenye hisa atapata faida.

Namna ya kuonyesha hesabu iko Kiambatisho C cha Sehemu ya 50. Gharama za ujenzi huwekwa mafungu matatu: kituo chenyewe cha nyuklia, njia za kusafirisha na kusambaza umeme pamoja na miundombinu ya jumla, na fueli ya kujaza kinu kwa mara ya kwanza. Halafu vyanzo vya fedha. Kama mwombaji ni kampuni iliyoundwa kwa ajili ya mradi huu tu, nenda moja kwa moja kwenye mikataba yake na wanahisa: nani amejifunga kutoa kiasi gani, na anaruhusiwa kujitoa lini. Barua ya "tunakusudia kuunga mkono" si mtaji.

Kwa upande wa uendeshaji, mwombaji anatoa makadirio ya gharama za kila mwaka kwa miaka 5 ya mwanzo. Hapa pana mlango ambao wasomaji wengi wanaupita bila kuuona. Shirika la umeme ambalo bei zake zinapangwa na mdhibiti limesamehewa uchunguzi huo wa uendeshaji, msamaha uliowekwa mwaka 1984, kwa dhana kwamba mdhibiti wa bei ataruhusu gharama za usalama zilipwe kupitia ankara za wateja. Anayeuza umeme sokoni kwa bei huria hana msamaha. Kwa hiyo kurasa zako chache zinaweza kuwa chache kwa sababu kanuni haidai zaidi. Angalia kwanza mwombaji wako yuko kundi lipi.

Ukitaka mfano wa umbali uliopo kati ya leseni na fedha, soma V.C. Summer, mradi wa vinu viwili huko South Carolina. Leseni ya pamoja ilitoka Machi 2012. Westinghouse, msanifu na mkandarasi, ikaomba ulinzi wa kufilisika tarehe 29 Machi 2017, na tarehe 31 Julai mwaka huohuo wamiliki wakaviacha vinu vyote viwili baada ya kutumia takriban dola bilioni 9. Siku hiyo leseni ilikuwa halali na haina doa. Uchunguzi mzito wa gharama ulikuwa kwa tume ya bei ya jimbo, na huko sheria ya 2007 ilikuwa imeruhusu wateja kutozwa wakati ujenzi ukiendelea, jambo lililowaondolea wamiliki sehemu kubwa ya shinikizo la kusimama mapema.

Kwa maneno mengine, soma majalada ya tume ya jimbo na, kama kuna dhamana ya mkopo ya serikali, masharti ya Wizara ya Nishati. Humo ndimo gharama zinakochambuliwa kweli.

---

joto_la_mabaki

Nachukua swali la pili. Mwongozo wa mapitio wa NRC, NUREG-0800, una sura 19, na ripoti ya usalama ya mwombaji hufuata mpangilio huohuo. Kwa wiki moja: sura ya 2, 3, 15, 17, kisha 13. Nyingine zipitie juujuu.

Sura ya 2 ni eneo la ujenzi. Jiolojia na mitetemeko huchunguzwa kwa duara la kilomita 320, kisha undani unaongezeka kwenye kilomita 40, 8 na 1. Unachotafuta ni mchoro mmoja: mkunjo (mstari wa grafu) wa mtetemo wa eneo uliowekwa juu ya mkunjo ambao usanifu uliidhinishwa nao. AP1000, kinu cha Westinghouse, kwa mfano ilisanifiwa kwa mtetemo wa kilele cha 0.30g (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia). Mkunjo wa eneo ukichomoza juu ya ule wa usanifu, hata kwenye masafa ya juu tu kama inavyotokea kwenye miamba migumu ya mashariki ya Marekani, kuna uchambuzi wa ziada wa vifaa, mabomba na makabati ya umeme. Hiyo ni miezi.

Sura ya 3 ni majengo na mifumo: ipi ni ya daraja la usalama na ipi si. Kifaa kikipandishwa daraja katikati ya mapitio, bei yake na muda wa kukisubiri hupanda nacho, na wauzaji wenye sifa ni wachache.

Sura ya 15 ni ajali. Vikomo vya kupoza kiini wakati bomba kuu limepasuka viko kifungu 50.46: joto la ala ya fueli (gamba la metali linaloifunika) lisizidi nyuzi 1204 za Selsiasi, ala isioksidike zaidi ya asilimia 17 ya unene wake, na haidrojeni isizidi asilimia 1 ya ile ambayo ingetokea kama ala yote ingeungua. Mpakani mwa eneo la kituo, mtu asipokee zaidi ya dozi ya mnururisho ya remu 25 (milisiveti 250) katika saa 2 zozote za ajali hiyo ya kubuniwa. Usiridhike na neno "inakidhi". Tazama pengo lililobaki. Pengo likiwa jembamba, kila badiliko dogo la usanifu baadaye litadai hesabu mpya.

Kwa nini mambo haya hayana mzaha: kinu chenye nguvu ya joto ya megawati 3,400 kikizimwa, mabaki ya mpasuko wa atomi yanaendelea kutoa takriban asilimia 6 hadi 7 ya joto hilo, yaani zaidi ya megawati 200. Baada ya saa moja bado ni asilimia 1 na ushee. Hakuna swichi ya kuzima hilo. Fukushima, Machi 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilizimika vyenyewe kwa tetemeko kama ilivyotakiwa. Kilichowashinda ni kuondoa joto hili baada ya maji ya bahari kuua umeme wa dharura.

Sura ya 17, udhibiti wa ubora, ndiyo mabenki wanairuka na ndiyo inayowaumiza. Mwaka 2012 nondo za msingi wa kinu cha 3 cha Vogtle, Georgia, zilikutwa zimepangwa tofauti na maelezo ya usanifu ulioidhinishwa. Haitoshi mhandisi kusema "ziko imara." Leseni imetaja maelezo, kwa hiyo ama ubadilishe nondo ama ubadilishe leseni. Waliomba kubadilisha leseni, na zege ikamwagwa Machi 2013. Mwaka 2021, kinu hichohicho, ukaguzi maalumu wa NRC ulihusu nyaya za usalama ambazo hazikutenganishwa kama inavyotakiwa. Njia mbili za nyaya zikikaribiana mno, moto au hitilafu moja inaweza kuua mfumo na mbadala wake kwa pamoja. Kuzirekebisha ni kung'oa kazi iliyokwisha kulipiwa.

Sura ya 13 usome mpango wa dharura, eneo la kilomita 16 kuzunguka kituo. Shoreham, New York, kilikamilika kwa takriban dola bilioni 6, lakini kaunti ilikataa kushiriki mpango wa kuwahamisha watu. Leseni ya nguvu kamili ilipotoka Aprili 1989, makubaliano ya kukifunga yalikuwa yameshafikiwa. Hakikuwahi kuuza umeme kibiashara.

Nyongeza moja: omba orodha ya maombi ya ufafanuzi ambayo NRC imetuma na bado hayajajibiwa. Kampuni ya vinu vidogo Oklo waliomba leseni Machi 2020, Januari 2022 wakakataliwa kwa sababu maelezo ya ajali zinazowezekana na ya madaraja ya vifaa vya usalama hayakutosha. Hakuna aliyesema kinu chao ni hatari. Kilichokosekana ni majibu.

---

Mshika_Daftari

Asante sana. Usanifu wetu una cheti tayari, yaani NRC imeshauidhinisha wenyewe, mbali na eneo la ujenzi. Naweza kuwaandikia kwamba hatari ya mapitio imeisha?

---

Kifungu_50

Usithubutu. Cheti kinafunga mjadala juu ya yale tu yaliyo ndani yake. Cheti cha NuScale, kampuni ya vinu vidogo vya moduli, kilikamilika Januari 2023 kwa moduli ya megawati 50, wakati mradi wake wa Idaho ulipanga moduli za megawati 77, zilizohitaji idhini nyingine. Mwezi huohuo bei iliyokadiriwa ilipanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa, na Novemba 2023 mradi ukafutwa. Linganisha jedwali la vigezo la cheti na la ombi lako, mstari kwa mstari, na uorodheshe kila mkengeuko.

---

Mhasibu_wa_Urani

La tatu. Dola milioni 105 ni sahihi, lakini ni dola za Januari 1986! Kifungu 50.75 kinaweka kiwango cha chini: kwa kinu cha maji ya shinikizo chenye megawati za joto 3,400 au zaidi ni milioni 105, kwa cha maji yachemkayo ni milioni 135. Chini ya 3,400, hadi 1,200, kanuni ya kinu cha shinikizo ni 75 + 0.0088P, P ikiwa megawati za joto, jibu katika mamilioni. Kisha unazidisha kwa kizidisho hiki:

0.65L + 0.13E + 0.22B

L ni ujira, E ni nishati, B ni gharama ya kuzika taka za mnururisho, zote zikilinganishwa na 1986. Ujira ndio unaobeba uzito, lakini B ndiyo inayoruka kwa ghafla. Kosa la kawaida ni kutumia kiashiria cha bei za jumla badala ya hivi vitatu.

Jambo jingine ambalo wakopeshaji lazima walijue: kiwango hiki hakijumuishi kutunza fueli iliyotumika wala kubomoa majengo yasiyo na mnururisho. Ni sakafu, si makadirio. Mwombaji anaweza kulipa yote mapema, kuchangia mfuko wa nje kidogo kidogo, au kutoa dhamana. Mfuko wa kuchangia kidogo kidogo kwa kampuni inayouza sokoni uangalie kwa jicho kali, maana kinu kikifungwa mapema michango nayo imekatika.

Bima nazo ziingie kwenye hesabu za mwaka. Ya mali ni angalau dola bilioni 1.06, na baada ya ajali fedha hizo hutangulia kutuliza kinu na kusafisha, si kumlipa mkopeshaji. Ya dhima kwa umma, chini ya sheria ya Price-Anderson, ni dola milioni 500 tangu 2024, na juu yake kila kinu kikubwa nchini kinaweza kudaiwa takriban milioni 158 ajali ikitokea popote kwenye kituo kingine. Deni hilo la baadaye huwa halionekani kwenye mizania.

---

RibaNaMuda

Nakubaliana na wote ila naona mmelipita jedwali la kazi haraka. Fanya hesabu hii. Kinu cha dola bilioni 6 kabla ya riba, bilioni 1 inalipwa kila mwisho wa mwaka kwa miaka 6, riba asilimia 8: siku ya kuwashwa deni ni takriban bilioni 7.34. Ukitandaza bilioni 6 zilezile kwa miaka 10, ni takriban 8.69. Lakini ukitumia zote kwa miaka 6 halafu kituo kikae miaka 4 kikisubiri majaribio na marekebisho, ni takriban 9.98, na hapo hujalipa mshahara hata mmoja wa miaka hiyo minne.

Ucheleweshaji wa mwanzo, wakati wa maombi ya ufafanuzi, unakera tu. Wa mwishoni unaua. Na leseni ya pamoja ina mtihani mwishoni kwa makusudi: kabla ya kupakia fueli, NRC lazima ithibitishe kwamba vigezo vyote vya ukaguzi na majaribio vilivyoandikwa kwenye leseni vimetimizwa. Kwa hiyo nyaya na nondo alizozitaja joto_la_mabaki zinagundulika wakati kila dola imeshatoka. Waulize wanaoomba mkopo: asilimia ngapi ya michoro ya kina itakuwa tayari siku ya zege ya kwanza, na fungu la dharura limewekwa kwa mwaka gani wa ratiba. Fungu lililosambazwa sawa kila mwaka linaonyesha kuwa aliyelipanga hajafikiria mwisho.

---

ukingo_wa_Severn

Kwa kulinganisha tu: Uingereza suala la fedha limo ndani ya leseni yenyewe. Sharti la 36, kati ya masharti 36, linamtaka mwenye leseni adumishe rasilimali za kutosha za fedha na watu kwa uendeshaji salama, wakati wote. Mpango wa kugharimia uvunjaji wa kituo, chini ya Sheria ya Nishati ya 2008, lazima uidhinishwe na waziri, na kutumia eneo bila mpango huo ni kosa la jinai. Bei ni habari nyingine: Hinkley Point C, kituo kipya cha nyuklia, ilipewa pauni 92.50 kwa megawati-saa, kwa bei za 2012, kwa miaka 35, na hilo lilikuwa la serikali, si la mdhibiti wa usalama. Kama wakopeshaji wako wamezoea Uingereza, watadhani mapitio ya NRC yanafuatilia fedha kwa namna hiyohiyo. Waeleze tofauti mapema.