Hita ya gesi inawaka kisha inazima: nitengeneze, ninunue mpya au nihamie shawa ya umeme?

mama_wa_njiro
Habari zenu wakuu. Baridi ya Julai hapa Arusha mnaijua, na hita yangu ndiyo imechagua mwezi huu kuleta visa. Ni ile ya kutundika ukutani, ya lita 6 za maji kwa dakika, inayojiwasha ukifungua bomba. Nafungua: tik tik tik, inawaka vizuri, halafu puu, imezima. Betri nimeshabadilisha. Fundi wa kwanza kasema tupa, nunua mpya. Wa pili anataka aniwekee shawa ya umeme. Mimi natamani kutengeneza, ila sitaki kulipa mara mbili. Nyie mngefanyaje?

fundi_bomba
Dada, usitoe hata shilingi kwanza. Inazima baada ya muda gani? Shika simu uhesabu.

Ikizima ndani ya sekunde chache, mara nyingi ni kijiti cha kuhisi moto. Ukifungua kava utaona vijiti vya cheche, na kimoja kinachokaa ndani ya moto wenyewe. Hicho ndicho kinachoiambia saketi kuwa gesi inaungua kweli. Kikishika masizi, au kikapinda moto ukawa haukigusi, saketi inaona gesi inatoka bure na inafunga vali. Hapo hita haijafa, inakulinda. Funga mtungi, toa betri, kisugue taratibu kwa msasa laini.

Ikichukua dakika kadhaa ndipo izime, angalia upande wa gesi. Na ikizima dakika ya 20 kamili, nyingi zina saa ya usalama, haina ubovu. Toka bafuni tu.

mkaazi_limuru
Naongeza la maji. Yangu ilikuwa inazima kila mtu akifungua bomba la jikoni. Tanki liko mita mbili tu juu ya hita, na kila mita ya kimo inatoa presha ya kama 0.1 bar, kwa hiyo nilikuwa na 0.2 hivi tu. Hizi hita zinategemea maji yasukume kiwambo cha mpira ndipo gesi ifunguke. Maji yakilegea, moto unakufa. Nilisafisha chujio pale maji yanapoingilia, halafu nikaweka pampu ndogo. Ningenunua hita mpya ingezima vilevile, na stori ingekuwa ileile.

babu_saketi
Mimi nilihamia shawa ya umeme na sijutii. Ila msidanganyane kwamba ni kufunga na kuoga. Ya kilowati 5.5 inavuta ampia 24 hivi. Inataka waya wake mnene kutoka kwenye bodi, swichi yake, na waya wa ethi unaofanya kazi kweli. Fundi akikuambia ataiunga kwenye soketi ya pasi, mfukuze. Halafu umeme wa LUKU ukiisha na sabuni iko kichwani, utanikumbuka.

mama_wa_njiro
Nimehesabu: sekunde 5. Nimesugua kijiti, kilikuwa cheusi tii. Sasa inawaka kama dakika 8 ndipo inazima. Kuna aliyenishauri niihamishie bafuni kwa sababu hapo nje upepo unapiga. Je?

fundi_bomba
HAPANA. Hita hii inakula hewa ya chumba na kutoa moshi wake humohumo. Bafu likifungwa, hewa safi inapungua na kaboni monoksaidi inaongezeka, haina rangi wala harufu. Watu wameoga wasitoke. Iache nje, chini ya paa, uikinge na upepo bila kuziba matundu yake.

Hizo dakika 8 sasa. Mtungi wako ni wa kilo ngapi?

mama_wa_njiro
Wa kilo 15 uliisha, nikaunga ule wa kilo 6 wa jikoni. Nimeugusa sasa hivi, ni baridi na unatoka jasho.

fundi_bomba
Basi ni huo. Hita ya lita 6 ikifunguliwa mwisho inakula karibu kilo moja ya gesi kwa saa, jiko lako halifikii hapo. Gesi iliyomo mtungini ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inahitaji joto kutoka kwenye chuma cha mtungi. Mdogo unapoa upesi, mvuke unapungua, moto unadhoofika na kijiti kinafunga vali. Asubuhi ya baridi ndiyo mbaya zaidi. Rudisha mkubwa. Na usije ukaulaza mtungi au kuumwagia maji ya moto ili "uamke", nimeyaona hayo.

mkaazi_limuru
Angalia na regulata pia. Ile ndogo ya jiko la sahani moja huenda isitoshe.

mama_wa_njiro
Nimejaza wa kilo 15, regulata imebaki ileile. Leo imewaka hadi ikajizima yenyewe dakika ya 20, kijana wangu akiwa bado anaimba bafuni. Fundi wa shawa nimempigia asije. Sasa natafuta bati la kukinga upepo.

babu_saketi
Huyo kijana mwachie dakika 10.