Ushauri: seti ya kwanza ya kuzamia kwa shilingi milioni mbili

Kijana wa Kaskazini A

Assalam aleikum ndugu zangu. Nimemaliza daraja la pili la mafunzo ya uzamiaji hapa Nungwi, na msimu ujao nitaanza kazi kwenye boti huku nikijifunza kuongoza wageni. Kituo kitaniazima vifaa kwa miezi ya mwanzo, ila kinataka baadaye niwe na vyangu, isipokuwa mitungi ya hewa na vipande vya risasi vya mkanda, vile vya kuongeza uzito. Nina shilingi milioni mbili na sitarajii kupata nyingine karibuni. Mwalimu mmoja mgeni anayerejea kwao ananiuzia seti iliyotumika kwa milioni moja na laki nane: koti la kuelea linalojazwa hewa, regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) yenye kinywa cha akiba na geji ya kupimia hewa, suti ya mpira yenye unene wa milimita 5, mapezi na miwani. Kompyuta ya kuzamia, ile ya mkononi inayohesabu kina na muda, haimo. Regyuleta yenyewe ni ya DIN, ile ya kufunga kwa kuzungusha, ilhali mitungi ya kituo chetu tunaifunga kwa kibano. Nichukue yote, au ninunue kimoja kimoja? Na kama ni kimoja kimoja, nianze na kipi?

Fundi Mkoani

Waaleikum salaam. Seti nzima usichukue, kwa sababu utakuwa karibu umemaliza fedha zako na bado huna kompyuta, ambayo kwa kazi yako naiweka mbele ya vyote. Mtu anayeshuka mara mbili au tatu kwa siku, siku baada ya siku, hubaki na naitrojeni mwilini, na kompyuta ndiyo inayoendeleza hesabu yake kutoka mzamio mmoja hadi mwingine. Ukiazima, leo ukavaa hii na kesho ile, hesabu hiyo inakatika, kwani ile ya kesho inafuata mwili wa aliyeivaa jana. Cressi Leonardo au Suunto Zoop Novo inatosha kabisa, na betri utabadilisha mwenyewe.

Miwani nunua mpya. Iweke usoni bila kuvaa mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha ondoa mkono. Ikishika bila kuvuja ni yako, hata ikiwa ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Mapezi yawe ya kisigino wazi, ya kuvaliwa na viatu, maana maji yakipwa utalifuata boti kwa miguu juu ya mawe makali. Suti ya milimita 5 mwachie mwenyewe. Maji ya Unguja hukaribia nyuzi 29 mwezi wa tatu na hushuka hadi kama 25 wakati wa kusi, kwa hiyo milimita 3 huwatosha wengi, na isitoshe mpira wa suti iliyoshuka majini mara nyingi hubonyea ukabaki mwembamba kuliko unavyoandikwa.

Katika seti hiyo, regyuleta ndiyo ya kutazamwa kwa makini. DIN isikutie hofu: vali nyingi za mitungi ya alumini zina kipande cha kati kinachofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita, na kikitoka regyuleta inaingia moja kwa moja. Isipowezekana, ipo adapta ya kibano, ingawa huisogeza nyuma kidogo na mara nyingine ikakugonga kisogoni. Lililo muhimu zaidi ni kuchungulia kichujio kidogo kwenye mlango wa hewa. Rangi ya kijani maana yake maji ya chumvi yamewahi kuingia, na wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Kisha ziba mlango huo kwa kifuniko chake, weka kinywa cha regyuleta mdomoni na uvute. Hewa ikipita, kuna mahali panavuja. Na kabla hujatoa hata shilingi moja, muulize fundi wa kituo chako kama ana vipuri vya aina hiyo. Regyuleta nzuri isiyo na vipuri hapa Zanzibar itakaa kabatini.

Bint Makunduchi

Kuhusu kompyuta nakubali. Kuhusu koti naona limepitwa haraka mno, kwa kuwa la kuazima huvaliwa na watu wa kila umbo, na kila siku utaanza upya kutafuta uzito wa risasi unaokufaa. Likikukaa vizuri, lijaze hewa mpaka vali ya usalama ifoke, uliache usiku kucha. Likiwa limelegea asubuhi, liache. Litikise pia karibu na sikio. Ukisikia chembe zikicheza ndani, hiyo ni chumvi iliyoganda kwa kutosuuzwa, na chumvi hiyo ndiyo hunasa kitufe cha kujazia hewa ukiwa chini.

Kijana wa Kaskazini A

Shukran sana. Nimekwenda kuvitazama. Koti limelala limejaa na halina chembe. Kichujio kina ukijani pembezoni, na mwenyewe anasema regyuleta haijafunguliwa na fundi tangu mwaka juzi. Amekubali kutenganisha: koti laki nne, regyuleta laki saba.

Fundi Mkoani

Koti chukua. Regyuleta haijafa, lakini kwa laki saba ni ghali, kwa sababu ni lazima ifunguliwe, isafishwe na kubadilishwa mipira yote kabla ya kuingia majini. Mwombe akubali fundi aifungue kwanza na gharama hiyo ikatwe kwenye bei. Akikataa, endelea na ya kituo, weka kiasi cha laki sita kwa kompyuta, nunua miwani, mapezi na viatu, na kitakachobaki kikae kwa regyuleta nyingine.

Mzee wa Mkondo

Kabla hakijabaki kitu, nunua boya refu la kujazwa hewa, la rangi ya machungwa, pamoja na kamba yake ya kukunjia. Huko Leven Bank, ule mwamba wa chini ya bahari kaskazini mwa Unguja, mkondo ukikuchukua, nahodha hawezi kuona kichwa cha mtu katikati ya mawimbi. Jizoeze kulipandisha ukiwa mita 5, kwenye zile dakika 3 za kusimama kabla ya kutoka majini, na kamba ishike mkononi. Usiifunge kwenye koti, maana ikinasa itakuvuta juu pamoja na boya.