Kampuni Marekani ni rahisi? Ajiri mtu wa kwanza ndiyo utajua hujui

Wakuu, kichwa cha uzi kinajieleza. Nimevumilia vya kutosha, leo natapika nyongo.

Naanza na hawa washauri wa biashara wa diaspora waliojaa mtandaoni. Wimbo wao ni mmoja: sajili LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo), chukua EIN (namba ya mwajiri ya kodi), fungua akaunti ya benki, hongera, wewe ni bosi. Na kweli EIN unaipata IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, bure, mtandaoni, hapohapo. Ila video inaishia hapo. Hakuna anayekwambia kwamba siku ukiajiri mtu mmoja tu, hata wa saa chache kwa wiki, serikali ya shirikisho inakuwa upande mmoja wa shughuli. Upande wa pili ni jimbo, na huko ndiko watu wanakolia.

Nina kampuni ndogo ya usafi wa ofisi. Jimbo silitaji kwa sababu suala langu bado liko mezani kwao. Hapa kwetu mwajiri anatakiwa kuwa na akaunti mbili. Moja ni ya idara ya mapato, kwa ajili ya kodi unayomkata mfanyakazi kwenye mshahara. Nyingine ni ya idara ya kazi, kwa ajili ya bima ya ukosefu wa ajira, ambayo mwajiri unaitoa mfukoni mwako. Ofisi mbili, tovuti mbili, namba mbili zisizofanana hata tarakimu, na hazisemezani. Ukibadilisha anwani huku, kule hawana habari. Na mimi nilidhani TRA wa kodi, NSSF wa mafao na WCF wa fidia nimewaacha nyumbani Tanzania!

Sasa sikilizeni danadana zenyewe. Kampuni inayonichakatia mishahara inasema: lete namba za jimbo ndipo tulipe na kuwasilisha makato. Naenda kwenye fomu ya idara ya kazi, inauliza: mshahara wa kwanza ulilipwa tarehe ngapi? Nikiweka tarehe ijayo, inagoma. Yaani nilipe ndipo nipate namba, na nipate namba ndipo nilipe. Napiga simu, nasikilizishwa muziki mpaka laini inakatika. Nikimpata mtu, ananiambia suala hilo ni la idara ile nyingine. Ile nyingine inanirudisha kwake.

Hatimaye fomu ikapita. Unadhani wanakupa namba ya siri ya kuingilia kwenye akaunti papo hapo? Inatumwa kwa posta! Karne hii! Ikaenda anwani ya zamani, ingawa mpya nilishawapa kwa maandishi. Robo mwaka ikaisha, ripoti ya mishahara sikuweza kuiwasilisha kwa sababu akaunti imefungwa. Kilichofuata ni barua ya faini kwa kutowasilisha ripoti, na hiyo ikaja anwani sahihi, mlango sahihi, jina bila kosa la herufi. Namba ya siri ilipotea njiani, barua ya faini haikupotea.

Halafu tazameni hesabu inayoning'inia hapo. Kodi ya shirikisho ya ukosefu wa ajira ni asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza za kila mfanyakazi kwa mwaka, yaani dola 420. Ukiwa umelilipa jimbo kwa wakati, kwa kawaida unapata unafuu wa asilimia 5.4 kati ya hizo 6, unabaki na dola 42 tu. Ukilipa jimbo kwa kuchelewa, sehemu ya unafuu inakatwa. Kwa hiyo ofisi inachelewa kunipa namba, na anayekatwa ni mimi.

Najua watakaokuja: "Hamia Texas au Florida, hakuna kodi ya mapato." Jamani, hakuna kodi ya mapato ya jimbo kwenye mshahara, lakini bima ya ukosefu wa ajira ipo majimbo yote. Texas inatozwa kwenye dola 9,000 za kwanza za mfanyakazi. Jimbo la Washington, nako hakuna kodi hiyo ya mshahara, kiwango cha mshahara kinachotozwa bima hiyo kimevuka dola 70,000, na kuna mchango wa likizo ya uzazi na ugonjwa juu yake. Tena Washington, Ohio, North Dakota na Wyoming, bima ya fidia kwa wanaoumia kazini huinunui kampuni binafsi, unaipata kwenye mfuko wa jimbo, kwa hiyo ni akaunti nyingine tena.

Na isiniambie mtu kwamba kuunganisha haiwezekani. California, pamoja na ukali wao wote (ukishalipa zaidi ya dola 100 ndani ya robo mwaka una siku 15 za kujisajili), kodi hizo zote za mishahara zinapita kwa idara moja, EDD, kwa namba moja. Wao wameweza. Hawa wa kwetu wanashindwa nini?

Kundi la pili ni wale wa "mlipe kwa 1099 (fomu ya malipo ya mkandarasi, si mfanyakazi), atajijua mwenyewe". Mtu ninayempangia saa, ninayempa sare, deki na funguo za jengo, leo nimwite mkandarasi? Siku akiachishwa akaenda kuomba mafao ya ukosefu wa ajira, jimbo litamtafuta mwajiri wake kwenye kumbukumbu, halimwoni, na hapo ukaguzi unaanza. Ushauri huo mbaki nao.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Kuna aliyewahi kuomba jimbo limfutie faini ya robo ya kwanza na ikakubaliwa? Uliambatanisha nini? Mimi ninayo bahasha iliyorudishwa na posta ikiwa na muhuri wa tarehe, na nakala ya barua yangu ya kubadilisha anwani. Inatosha, au niombe rufaa rasmi isikilizwe? Siku za kukata rufaa zinahesabika, zimeandikwa kwenye barua hiyohiyo ya faini.

Wale wa "rudi nyumbani ukalime", uzi huu mpite kimyakimya.