Tartufo mbichi za kiangazi: zihifadhiwe na kupikwa vipi katika joto la Malindi?

Mpishi wa Casuarina

Assalamu alaykum. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa Malindi. Agosti hii, Waitaliano wakiwa wamejaa mjini kama kawaida, mgeni wetu mmoja amewasili kutoka Umbria na tartufo mbichi, ule uyoga uotao chini ya ardhi kwenye mizizi ya mialoni. Zimefika zikiwa nzima, ngumu, nyeusi, zenye ngozi ya vinundu-vinundu na nyama ya rangi ya kahawia hafifu iliyopitiwa na mishipa myeupe. Atakaa wiki mbili na angependa kuzila kidogo kidogo hadi siku ya kuondoka. Mwenzangu jikoni ameshauri tuzifukie kwenye mchele mkavu, ilhali mwenye nyumba anataka zitiwe kwenye chupa ya mafuta ya zeituni na kuwekwa kabatini. Umeme wetu hukatika mara kwa mara. Ni ipi njia iliyo sahihi, na ni vyakula gani vinavyozifaa?

Bint Shela

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mchele uache. Mchele mkavu hunyonya maji, kwa hiyo utakaonukia vizuri ni mchele, na tartufo yenyewe itabaki kavu na dhaifu wa harufu. Usizioshe sasa. Funga kila moja kwa karatasi kavu ya jikoni, zitie zote kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, kisha uiweke ndani kabisa ya friji, si mlangoni, penye baridi ya nyuzi 2 hadi 4 hivi. Kila siku badilisha karatasi, kwa sababu tartufo hutoa jasho hata ikiwa kwenye baridi, na unyevu huo ukikaa juu ya ngozi yake ndio huanzisha kuoza. Umeme ukikatika, chupa iingie kwenye sanduku la barafu, lakini isilale katika maji yaliyoyeyuka.

Hata hivyo, mwambie mgeni mapema kwamba wiki mbili ni nyingi. Zikitunzwa hivyo, juma moja ni muda wa kutegemea, siku kumi ni bahati. Katika chupa hiyo hiyo tia pia mayai mabichi yenye maganda mazima: ganda lina vitundu vidogo sana, na harufu hupenya hadi ndani, ukapata kiamsha kinywa cha kifahari bila kukata hata kipande.

Jiko la Langoni

Nakubaliana na dada hapo juu, nami niongezee upande wa mapishi. Tartufo ya kiangazi ni pole kuliko ile nyeusi ya majira ya baridi au nyeupe ya Alba, na ndiyo maana bei yake ni nafuu. Moto mkali huiua. Isugue kwa brashi laini chini ya maji ya bomba dakika chache kabla ya kula, ikaushe, kisha ikate vipande vyembamba kama karatasi moja kwa moja juu ya chakula kilichokwisha kupakuliwa. Gramu 8 hadi 10 kwa mtu zinatosha. Kinachobeba harufu yake ni mafuta ya chakula chenyewe: tambi za mayai zilizochanganywa na siagi, viazi vya kuponda, mayai ya kukoroga. Samli yetu ina harufu yake nzito, kwa hiyo tumia siagi isiyo na chumvi. Pilau, tui la nazi na kitunguu thomu visikaribie kabisa.

Msafiri wa Kusi

Kuhusu kitunguu thomu, naomba kutofautiana kidogo. Huko Umbria anakotoka mgeni, watu huisaga tartufo nyeusi na kuipasha polepole katika mafuta ya zeituni pamoja na kitunguu thomu na dagaa wa chumvi, kisha wakavuruga tambi humo. Siri ni kwamba mafuta hupata uvuguvugu tu, hayachemki.

Chupa ya mafuta kabatini, hapana, tena hapana. Kitu kilichotoka udongoni kikizamishwa kwenye mafuta, mahali pasipo hewa, katika joto la pwani, bakteria wa botulizimu wanaweza kutoa sumu isiyobadilisha harufu wala ladha. Mwenye nyumba akitaja chupa zinazouzwa madukani, mweleze kwamba nyingi hupewa harufu kwa kemikali ya kiwandani.

Mpishi wa Casuarina

Nashukuruni sana. Basi zile ambazo hazitaliwa wiki hii nizifanyeje? Na moja nimeiona ina utando mweupe kama pamba.

Bint Shela

Ikiwa bado ni ngumu, piga brashi utando huo uondoke na uitumie leo hii. Ikibonyea, ikiteleza au ikinuka kama amonia, itupe. Zilizobaki zikwangue ndani ya siagi laini yenye chumvi kidogo, viringisha kwa karatasi ya alumini na utie kwenye friza, kisha ukate kipande kila unapohitaji. Ukipenda kugandisha nzima, ikwangue ingali barafu. Ukiiacha iyeyuke italainika mithili ya sponji. Ila umeme ukikatika usiku kucha, siagi hiyo usiigandishe upya. Itumie siku hiyo hiyo.