Leza badala ya sindano za Kichina kwa maumivu ya magoti: naombeni ushauri

Kitindamimba:
Wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 68, magoti yanamtesa, kushuka daladala mpaka ashikwe mkono. Anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo, hivyo daktari kamkataza dawa ya maumivu ya diklofenaki. Ndugu wakashauri sindano za Kichina, zile nyembamba zinazochomwa kwenye pointi maalumu za mwili, mama kagoma, sindano anaziogopa mno. Sasa kuna kliniki wanasema wanamulika leza kwenye pointi zilezile bila kuchoma. Sh 35,000 kwa mara moja, na wanataka tulipie mara kumi kabisa. Je, inasaidia? Mionzi yake haina madhara?

Mama Swaumu:
Pole kwa kuuguza, mwanangu. Mimi nilimulikwa shingo, haikuwa inageuka. Sikusikia maumivu wala joto, na baada ya wiki tatu nikawa nalala vizuri. Ila ilikuwa shingo, si goti.

Fundi Viungo:
Mimi ni mfiziotherapia. Mionzi isikutishe, huo ni mwanga tu, si kama eksirei. Cha kulinda ni macho: mgonjwa na anayemmulika wote wavae miwani maalumu. Kwa mtu wa warfarini leza ina faida kwamba haitoboi ngozi.

Lakini kwa goti, usilipe mara kumi. Australia walipima jambo hilihili, majibu yakatoka 2014: watu 282 wenye miaka 50 na zaidi, magoti sugu. Wapo waliochomwa sindano, waliomulikwa leza, na waliowekewa mashine isiyotoa mwanga bila wao kujua. Sindano na leza hazikuizidi ile mashine ya uongo. Shingo ndiyo yenye ushahidi wa kutia moyo, kwa hiyo Mama Swaumu hakudanganywa.

Hiyo laki tatu na nusu mtafutie mama mazoezi ya kusimamiwa.

Kitindamimba:
Ahsante sana mkuu. Mazoezi gani? Akisimama muda mrefu analia.

Fundi Viungo:
Aanze akiwa amekaa. Kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja mpaka goti linyooke, akaze paja, ahesabu hadi tano, ashushe taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Maumivu kidogo ni kawaida. Goti likivimba au likiwa la moto, aache na mumrudishe kwa daktari, hasa kwa vile anatumia warfarini.

Kitindamimba:
Tunaanza leo jioni. Nitakaa naye, nimhesabie.