Jumamosi bondeni, maji yakikupwa

*WAJUKUU WA BI TIME 🌾*

*Alkhamisi*

*Riziki* (05:58): Assalaam alaykum. Natoka bondeni sasa hivi, tope halijakauka miguuni. Tuta la kuzuia bahari limekatika pale chini ya mvinje. Juzi nilikuwa naruka, leo nimevuka maji ya goti.

*Riziki* (06:03): Mwezi leo 10. Jumanne 15, bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu. Na bamvua ya masika si ya kuchezea, mnajua wenyewe. Mvua juu, bahari chini, mpunga upo kati na ndio kwanza unatoa majani.

*Riziki* (06:04): Jumamosi maji yamekupwa kiasi cha saa 3 asubuhi. Tushuke saa 1, saa 5 tuwe tumeshatoka. Nataka watu 15, majembe, na mapolo (magunia) matupu 60. Andikeni majina.
1. Riziki
2.

*Riziki* (09:20): Mmesoma watu 31.

*Kombo Chake* (09:44): 2. Kiuno changu

*Riziki* (09:45): Kombo.

*Kombo Chake* (09:45): Kimekubali kwa shingo upande 😂 Mimi mwenyewe nitatazama kazini.

*Bi Asha Unguja* (11:12): _Imesambazwa mara nyingi_
HATARI!!! Kimbunga kikubwa kupiga Pemba Jumamosi usiku. Wataalamu wametahadharisha. Sambaza kwa watu 10 uokoe roho.

*Maryam* (11:13): Ya Rabbi

*Mama Khadija* (11:15): 🤲🤲🤲

*Riziki* (11:31): Shangazi, hii imetoka wapi? Mamlaka ya Hali ya Hewa haijasema lolote, nimesikiliza redio asubuhi. Hidaya ile ya Mei 2024 walitwambia siku kadhaa kabla, wakaitaja kwa jina na ilipo. Usitutishe na kimbunga kisichokuwepo, watu wakaacha kulitazama tundu lililopo.

*Bi Asha Unguja* (11:40): Mimi nimeletewa tu mwanangu. Hidaya tulikaa Dar siku mbili na mabegi, boti hakuna.

*Kombo Chake* (11:41): Na zile pweza ulizokuwa unatuletea zikaozea Dar. Hilo ndilo janga.

*Mwl. Massoud* (12:05): Kihistoria, kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba tukasalimika. Ndipo karafuu ya Pemba ikashika soko. Kwa hiyo watu wetu wamezoea kudhani mabaya yanapita Unguja.

*Riziki* (12:06): Ahsante mwalimu. Polo unazo ngapi?

*Mwl. Massoud* (12:30): Nitaulizia skuli.

*Suleiman Muscat* (14:18): Ndugu zangu, huku kimbunga Gonu mwaka 2007 maji yalipita barabarani kama mto, magari yanaelea. Tangu hapo watu wanaheshimu bonde. Mambo haya yanataka mpango, na kamati.

*Kombo Chake* (14:19): Kaka, tuma pesa. Kamati tutaiunda kwa pesa hiyo hiyo.

*Suleiman Muscat* (14:52): Nimetuma laki moja kwa Riziki. Ya chai na maandazi.

*Maryam* (14:55): Chai ya nani, nusu ya watu wanamalizia funga ya sita baada ya Ramadhani. Wafunge halafu wachimbe?

*Riziki* (14:57): Anayefunga ashone midomo ya mapolo, kazi ya kivulini. Pesa itanunua kamba, na itakayobaki ni ya gari ya ng'ombe. Sandarusi sitaki, jua linazila.

*Riziki* (15:10): Na jambo la pili. Tuta peke yake halituvushi. Kila mwaka tunarudi pale pale. Nje ya tuta pako wazi, wimbi linakuja moja kwa moja. Nataka tuchomeke mikoko.

*Maryam* (15:12): Tena? Tulishachomeka na mradi. Miche yote ilikufa, tukabaki na fulana. Ya kwangu natandazia kitanda cha paka.

*Riziki* (15:20): Ilikufa kwa sababu tulipandishwa penye mchanga, wimbi linaing'oa kabla haijashika mizizi. Tena mkoko mtupu kila pahala, kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kuokota. Kule nje kabisa panataka aina nyingine, mliana na mchu. Mkoko unakaa nyuma kwenye tope. Nendeni Kisiwa Panza mkaone, wale bahari iliwaingilia mashambani kabla yetu, wana la kutwambia.

*Maryam* (15:26): Riziki, tusizunguke. Mikoko ya pale haikufa kwa wimbi. Pale palikuwa msitu, mtoto mdogo akipotea humuoni. Aliyejenga tanuri la chokaa anajijua, na nyumba ya bati jipya anaijua.

*Mama Khadija* (15:27): Maryam

*Maryam* (15:28): Nasema uongo? Mpunga wangu wa mwaka juzi ulikauka umesimama. Nimeuonja udongo kwa ulimi, chumvi. Kisima nacho siku hizi ukipika chai, ukitia sukari huitambui. Nani kanilipa?

*Faki* (15:40): Mimi nimo humu, nasoma.

*Maryam* (15:41): Vizuri.

*Faki* (15:44): _Ujumbe huu umefutwa_

_Faki ameondoka_

*Kombo Chake* (15:46): Haya, jembe moja limepungua. Na ndilo lililokuwa na mpini mzuri

*Riziki* (15:47): Kombo wallahi nitakutoa na wewe.

_Riziki amemuongeza Faki_

_Faki ameondoka_

*Ijumaa*

*Riziki* (13:50): Baada ya sala nimemuona sheha. Anatoa vijana 6 akipewa majina yetu kwanza. Asema hawezi kuleta watu wa nje wakafanye kazi ya shamba la watu waliolala. Majina hadi sasa ni mimi, Mama Khadija na kiuno cha Kombo.

*Riziki* (13:51): Nyie mwasoma mwanyamaza.

*Yussuf* (16:33): Shikamooni. Babu Hamad yuko hapa, amesomewa mazungumzo yote tangu jana. Anasema niandike kama anavyosema nisipunguze.

*Riziki* (16:33): Marahaba mwanangu. Mwambie Baba Mkubwa tunamsikiliza.

*Yussuf* (16:41): Anasema:
Faki msimtaje tena. Faki alichoma visiki. Alivikuta.
Mikoko ya pale niliikata mimi na baba yenu. Mwaka wa 78, Riziki yumo tumboni. Tulikata boriti za nyumba ya mama yenu, hiyo hiyo ambayo mmelala ndani yake nyote mkiwa watoto, na Maryam umeolewa humo. Tukaona inafaa, tukakata na za kuuza. Majahazi yalikuwa yakija.
Marehemu mzee wetu alitukataza. Alisema mchu ule wa pembeni msiuguse, ndio mlango. Tukaukata wa kwanza, maana ulikuwa karibu na njia.
Nimenyamaza miaka yote hii mkimsema mtoto wa watu. Nisameheni, na Faki anisamehe. Nitamwendea leo kwa miguu yangu.

*Yussuf* (16:43): Analia kidogo. Nimempa maji.

*Riziki* (17:20): Tumesikia Baba Mkubwa.

*Mama Khadija* (17:22): Tumesikia.

*Suleiman Muscat* (17:40): Tumesikia ami.

*Kombo Chake* (18:02): Tumesikia babu. Nachukua gari ya asubuhi kutoka Chake. Niandikeni mimi, kiuno kifuteni.

*Yussuf* (20:15): Tumetoka kwa Faki. Hawakusema mengi. Babu anasema na yeye kesho atashuka, anakumbuka kisiki cha ule mchu kiko wapi, kwa hesabu ya hatua kutoka kwenye jiwe. Anataka mche wa kwanza uchomekwe hapo.

*Riziki* (20:17): Baba Mkubwa ana miaka 80 na kitu, tope lile linameza mtu mzima. Atashukaje?

*Yussuf* (20:18): Anasema apakiwe kwenye gari ya ng'ombe pamoja na mapolo.

_Riziki amemuongeza Faki_

*Mwl. Massoud* (20:40): Polo skulini zipo 22, lakini za mahindi, zina matundu ya panya.

*Riziki* (20:41): Zilete, zitashonwa. Bado 38. Maryam?

*Riziki* (21:05): Maryam umesoma.

*Maryam* (21:30): Nina 10. Nitazituma na mtoto.

*Riziki* (21:31): Wewe hutokuja?

*Bi Asha Unguja* (21:48): Jamani ile ya kimbunga ni kweli au?

*Riziki* (21:49): Hapana shangazi.

*Riziki* (21:50): Bado polo 28. Na nani mwenye gari? Ile ya kina Makame ilishakodiwa kubeba mawe.

*Faki* (22:26): Gari ninayo. Ng'ombe mmoja anachechemea, tangu juzi.

*Riziki* (22:27): Atafika bondeni?

*Faki* (22:40): Nitamtazama alfajiri.