Krismasi kwa kina rafiki, niende na nini?

Jamani, rafiki yangu wa chuo hapa Ujerumani kanialika kwao Krismasi. Nimepanga kufika tarehe 25 asubuhi. Mama yake sijawahi kumwona. Nibebe nini?

— Tarehe 25 umechelewa! Huku zawadi hufunguliwa jioni ya 24. Mwaka wangu wa kwanza nilifika 25, nikakuta soksi nilizofumiwa na bibi wa watu zimebaki peke yake chini ya mti, zinanisubiri. Aibu niliyoona! Halafu nunua mapema: 24 maduka hufungwa mchana, na 25 na 26 ni sikukuu.

— Maua yanatosha. Ila wengi huvua viatu mlangoni, kwa hiyo kagua soksi.

— Duh, moja imetoboka. Asanteni, nabadilisha tiketi leo leo.